Sifa za Mbigili

Washairi wetu wameliimba waridi na asumini mpaka sauti zimekauka. Mbigili haujapata hata ubeti mmoja. Naomba niutendee haki, nikisema kama mtu aliyepanda baiskeli na kundi kutoka Arusha kuelekea Dodoma, akapata heshima ya kuchomwa nao mbele ya mashahidi.

Mbigili hauna makuu. Hutambaa chini, una majani mithili ya mkwaju, na asubuhi hutoa ua la manjano ambalo asiyejua angemchumia mchumba. Tunda likikauka hupasuka vipande vitano, na hapo ndipo akili yake ilipo: kitupe kipande utakavyo, kitatua juu ya baadhi ya miiba na kuacha mmoja unatazama mbinguni. Tena hauna upendeleo. Baiskeli ya kaboni yenye thamani ya pikipiki mbili na Phoenix ya mzee apelekaye mkaa Babati, zote hupewa huduma ileile, bila foleni.

Na subira je? Mwaka 1888 daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, alifunga mipira iliyojazwa upepo kwenye kibaiskeli cha mwanawe kule Belfast. Dunia ikashangilia kwamba mifupa ya wapanda baiskeli imepona. Mbigili, ambao karne zote kabla ya hapo ulikuwa umeridhika na nyayo na kwato, haukusema kitu. Ulijua riziki imekuja.

Sasa niitaje siku yenyewe, ya Babati kwenda Kondoa, kilomita zipatazo 100. Lami ni nzuri, na mbigili wenye adabu hauoti katikati ya lami. Unakaa pembeni, na kukufuata haukufuati, unaalikwa. Basi likija nyuma yako na honi yake ya kuamsha wafu, unajitupa pembeni. Au chai ya alfajiri imeshuka chini na sasa unataka kuchimba dawa, kwa hiyo unaikokota baiskeli hadi kwenye kichaka kwa ajili ya staha. Ukirudi umepata nafuu, tairi limepata mgeni. Katika kundi letu waliochomwa wakiwa mbioni ni wachache mno. Wengi tulichomwa kwa sababu ya staha.

Na kundi lenyewe lingekuwa nini bila mbigili? Wenye mapafu wangetangulia, wenye magoti mabovu wangefuata gari la mizigo, na sote tungeshinda tunatazama mgongo wa aliye mbele, maana nyuma ya mgongo ndiko kusiko na upepo. Kwenye mlima wa kwenda Bereko nilimtazama mwenzangu mmoja hivyo kwa muda mrefu. Nikaijua jezi yake mshono kwa mshono, jina lake silijui. Tyubu yake ilipoanza kulia "fsss" ndipo tulipoamkiana.

Akataka kuuchomoa mwiba palepale. Kijana mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi akamzuia: "Usiuchomoe kwanza, anko. Ukiuchomoa upepo wote unakwisha. Twende nao hivyohivyo kwa fundi." Kumbe mwizi ndiye aliyekuwa ameshikilia mlango. Mwenzangu akaongeza upepo kidogo kwa pampu, tukafika.

Fundi alikuwa chini ya mti na karai lake la maji. Aliizamisha tyubu, akaizungusha polepole mpaka vipovu vikapanda, akatia alama kwa njiti ya kiberiti, akasugua msasa, akapaka solusheni, kisha akaipulizia na kungoja bila haraka yoyote. Kiraka alikikata kwenye tyubu iliyokwisha kufa. Mwisho akakizungushia kitambaa kidole gumba, akakipitisha ndani ya tairi lote, akaibuka na miiba mingine miwili ambayo haikuwa imepata zamu.

Wengine wetu mbigili ulitushusha Kolo. Waliotutangulia walipapita wakiwa wameinamisha vichwa, wanatazama kilomita kwenye visaa vyao. Sisi, solusheni ikikauka, tuliambiwa na wenyeji kwamba kule vilimani kuna michoro ya kale ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watu wanalipa nauli ya ndege kuja kuitazama. Sisi tulilipa kiraka.

Mbigili haukukosa maadui. Mwaka 1961 Marekani iliagiza fukusi kutoka Italia, waje kula mbegu na mashina yake. Kazi imefanyika kiasi, mbigili bado upo. Wakati huohuo nchi za kitajiri zinausaga, zinautia kwenye vidonge na kuwauzia wanaume wanaotaka nguvu, ingawa wataalamu waliovipima hawakuona homoni zikipanda. Ningewashauri wanaume hao waje wakanyage ule mbichi. Utawarusha juu, na hilo halihitaji utafiti.

Jioni, Kondoa, wenye tairi zisizo na tyubu, zile zenye maji mazito ya kuziba tundu zenyewe, walikuwa wakitamba kwamba wao pancha hawaijui. Tukazigeuza baiskeli zao. Miiba ilikuwa imejipanga kwenye mpira kama abiria wa daladala, imetoka Babati bila nauli, mbegu salama ndani yake. Mmoja wao akachukua koleo, akaichomoa yote kwa bidii, akaitupa kwenye mchanga kando ya hema, palepale tulipopanga kuzipitisha baiskeli alfajiri.