Karani Asiyejua Kusoma

Tangu marehemu mke wangu alipotangulia mbele ya haki, baada ya kukaa nami miaka 41 pasi na mmoja wetu kumpeleka mwenziwe kwa kadhi, nimetambua jambo ambalo waume walio na wake zao hai hawatalisadiki: ya kwamba katika nyumba ile ya Malindi, niliyokuwa nikijigamba barazani kuwa ndimi bwana wake, kwa hakika nilikuwa mgeni tu, aliyekirimiwa vizuri na asiyejua hata chumvi huwekwa wapi.

Arobaini ilipokwisha, na binti zangu wakarejea kwa waume zao, nikaazimia kujipikia wali wa nazi. Nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi mbili pamoja na ncha ya kidole changu, nikakamua kwa kifumbu, na kwa kuwa lile tui la kwanza, kasimile yenyewe, lilikuwa zito la kupendeza macho, nikaona si adabu kulingojesha. Nikalipikia mchele ungali mbichi, na lile jepesi la kupopolea, ambalo kila mtoto wa kike wa Unguja ajua kuwa ndilo litanguliapo, nikalimimina mwisho. Nikapalia makaa, nikaenda zangu barazani. Niliporudi, chini palikuwa ukoko, juu uji, na katikati mchele. Mjukuu wangu wa miaka 7, ambaye bibi yake alikuwa akimwita "mume wangu" mbele ya macho yangu bila haya, na ambaye kwa ndoa hiyo ukoko wa kila siku ulikuwa haki yake, alichungulia sufuria kwa muda, kisha akanishukuru: "Babu, leo umenipa wote!"

Lakini hili la wali ni dogo. Taksiri yangu kubwa niliifanya mwaka wa tatu wa ndoa yetu, na yeye aliisitiri kwa hikima ambayo deni lake sijalilipa mpaka leo.

Idi ilikuwa imekaribia, nami nikitokea afisini nikapita maduka ya Mchangani ili nimnunulie mama mkwe wangu doti ya kanga. Kanga, kama ajuavyo msomaji, ina pindo, ina mji, na ina jina. Nikalitazama pindo, nikautazama mji, mwekundu wa kung'aa wenye korosho nyeusi, nikalipa. Jina sikulisoma, kwani miwani niliisahau juu ya meza ya afisi. Nikavuka Ng'ambo hadi Kikwajuni, nikamkabidhi hidaya yake kwa taadhima zote. Bibi yule alikuwa bingwa wa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo zilizoandikiwa majina ya kanga enzi za usichana wake. Hizi za Kizungu hakuzijua. Basi mimi nilipokwisha ondoka, akamwita mtoto wa shule wa jirani amsomee alivyokumbukwa na mkwewe. Mtoto, kwa sauti ile ile ya darasani ambayo mtaa mzima husikia, akasoma: HASIDI HANA SABABU.

Mama mkwe hakugomba. Amjuaye mama mkwe wa Kiunguja atafahamu ya kuwa akigomba, suluhu i karibu. Akinyamaza, tafuta nauli.

Habari zilipomfikia mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Alijitanda buibui, akaenda kwa mamake, na magharibi akarejea uso mkunjufu, doti ile kaikunja kwapani.

"Yamekwisha," akasema.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia hujui kusoma."

Mimi, karani wa serikali, mwenye kalamu mbili mfukoni! Nilipopata pumzi nikauliza kama mama hakustaajabu vipi mtu kama huyo hulipwa mshahara, nikajibiwa kuwa alistaajabu sana, akaelezwa kwamba kazi yangu ni kupiga mihuri tu. Maelezo ambayo, nikiyapima leo kwa insafu, hayakuwa mbali na ukweli.

Laiti yangeishia hapo. Mama mkwe, moyo wake ukiwa sasa umejaa huruma, alitangaza kuwa mume wa mwanawe hatakufa jahili, na Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nikakalishwa mkekani mbele ya ubao: alifu, be, te. Nami nilihitimu Kurani chuoni nikiwa na miaka 9! Kwa muda wa miezi minne ilinibidi nikosee kwa kipimo, si sana nisije nikachapwa, wala si kidogo nisije nikamwumbua mke wangu, na kila nipatiapo napewa kipande cha halua. Siku ya kuhitimu palipikwa pilau, majirani wakaalikwa, na mke wangu akapiga vigelegele huku machozi yakimchuruzika, na wote pale wakadhani analia kwa furaha. Ama zile herufi za Kizungu, mama mkwe alisema, Mungu atanifungulia mwenyewe siku moja.

Mwezi uliopita nililifungua kasha la njumu la marehemu mke wangu ili niwagawie wajukuu nguo zake. Harufu ya udi ikatangulia kutoka, kisha kanga moja baada ya moja, na baadhi ya mapindo yangali na mafundo ya senti alizokuwa akiziweka kwa ada za watoto, zama ambazo mimi nikiamini ni mshahara wangu ndio utoshao. Chini kabisa ilikuwapo doti ile, haijakatwa wala haijapindwa. Mjukuu wangu akaitandaza sakafuni, akaweka kidole penye jina, akaniinulia macho.

"Babu, nikusomee? Bibi aliniambia wewe hujui."

Nikaivua miwani, nikaitia mfukoni, nikamwambia asome.