Kajiado Kwenye Marejeleo: Vipimo Vinane, Kuanzia Mkiani

Kajiado imeandikwa, ikaandikwa tena. Nyani wa Amboseli wanafuatiliwa tangu 1971, ndovu wa huko huko tangu 1972, nyumbu wa Kitengela wanahesabiwa kutoka angani tangu 1977, na Wamaasai wameulizwa maswali ya dodoso na kila mwanafunzi wa uzamivu aliyewahi kupanda gari la Namanga. Swali langu ni hili: katika maandishi yote hayo, nani anahesabiwa kuwa mwandishi, na nani anahesabiwa kuwa na ushawishi? Nimevipanga vipimo kuanzia ninachokiamini kidogo kabisa. Ukitaka kubisha, bisha, lakini fika namba moja kwanza.

8. Kipimo cha athari cha jarida

Kimeshika mkia, na kimejitakia. Hesabu yake ni nyepesi: chukua makala ambazo jarida lilitoa katika miaka miwili iliyopita, tazama zimerejelewa mara ngapi mwaka huu, kisha gawanya. Eugene Garfield na wenzake walikibuni ili kuchagua majarida, na hapo hakina ubaya. Ubaya ulianza kamati za ajira na za vyeo zilipokibandua kwenye jarida na kumbandika mtu. Makala chache hurejelewa sana, nyingi hurejelewa kidogo, halafu zote zinavalishwa sare moja. Wahariri na watafiti waliokutana San Francisco Desemba 2012 waliandaa azimio la kuomba kisitumike kumpima mtafiti. Naliunga mkono kwa mikono miwili. Tusonge.

7. Kipimo cha h

Mwanafizikia Jorge Hirsch alikileta mwaka 2005. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10, h yako ni 10. Umeandika makala moja tu, ikaitikisa dunia? Hongera, h yako ni 1.

Mfano upo nyumbani. Jeanne Altmann alifika Amboseli na mumewe Stuart mwaka 1963, na baadaye wakaanzisha utafiti wa nyani unaoendelea mpaka leo. Mwaka 1974 alichapisha makala kuhusu namna ya kutazama wanyama: usiandike kila kinachokuvuta jicho, maana wanaogombana na wanaopandana watajaza daftari lako na wanaolala wataonekana hawapo. Chagua mnyama mmoja, mfuate kwa dakika ulizopanga, andika anachofanya, kisha nenda kwa mwingine. Makala hiyo ni miongoni mwa zinazorejelewa zaidi katika elimu nzima ya tabia za wanyama. Kwenye h yake inaongeza moja, sawa na makala yake nyingine yoyote iliyovuka mstari.

Na wahesabu marejeleo wangejifunza kwake. Nao huandika kinachowavuta jicho.

6. Idadi ya marejeleo

Hapa naanza kulegeza uso. Garfield alieleza wazo lake katika jarida la Science mwaka 1955, akiwa ameliazima kwa wanasheria wa Marekani, ambao tangu karne ya 19 walikuwa na vitabu vya kuonyesha hukumu gani imetajwa na hukumu gani nyingine. Wakili alihitaji kujua kama kesi anayoitegemea bado ina nguvu au imeshatenguliwa. Sisi tukachukua hesabu, tukaiacha ile sehemu ya kutenguliwa. Ukinitaja ili kusema nimepotoka, bado umeniongezea moja. Asante sana!

Mwaka 2016 Joseph Ogutu, mtakwimu Mkenya wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, aliongoza makala katika PLOS ONE iliyoonyesha kwamba wanyamapori wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Makala hiyo ni bure kusoma, na hilo ni jambo kubwa kwa mwanafunzi wa Kajiado asiye na hela ya kulipia jarida la ng'ambo. Asilimia kama hiyo ikishaingia kwenye hotuba, hutembea yenyewe. Jina la aliyepiga hesabu hubaki nyuma, na hakuna mashine inayosikiliza hotuba.

5. Jina lenyewe

Kabla hujamhesabia mtu, mjue ni nani. Kuna Soila Sayialel wa ndovu wa Amboseli. Kuna Serah Sayialel wa nyani wa Amboseli. Majarida, kwa ubahili wao wa herufi, huwaandika wote wawili S. Sayialel. Eneo moja, jina moja, herufi moja, wanyama mbalimbali. Na kuna Katito Sayialel, wa ndovu pia, ambaye angalau ameokolewa na herufi K.

Ongeza "ole". Mwandishi mmoja anaweza kuwa Nkedianye D. hapa, ole Nkedianye D. pale, na Nkedianye D. K. kwingine. Kompyuta ikiona watatu, inamgawia kila mmoja theluthi ya jasho lake.

Sasa sikiliza hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambao Katito alikuwa mwandishi wa tatu kati ya wanne, ndovu wa Amboseli walipigiwa sauti zilizorekodiwa kupitia spika. Watu tofauti walisema maneno yale yale kwa lugha zao: tazama, tazama kule, kundi la ndovu linakuja. Ndovu waliposikia sauti ya mwanamume wa Kimaasai walikusanyika karibu karibu, wakanyanyua mikonga kunusa. Sauti ya Mkamba haikuwashtua kiasi hicho, wala ya mwanamke au mtoto wa Kimaasai. Yaani ndovu anamtambua Mmaasai na Mkamba kwa sauti tu, na hifadhidata ya marejeleo haijui Soila ni nani na Serah ni nani.

Dawa ipo tangu 2012: ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti hujiandikisha bure na kubaki nayo maisha yote. Kama una mwanao chuoni, mwambie leo.

4. Vitabu na ripoti

Nina kinyongo cha muda mrefu kuhusu hili. Kazi zilizoieleza Kajiado vizuri zaidi nyingi si makala za majarida. Maasai Herding, cha Solomon Bekure na wenzake, kuhusu ufugaji wa mashariki mwa Kajiado, kilitoka mwaka 1991 kama chapisho la kituo cha mifugo cha kimataifa, ILCA. Mwaka uliofuata Marcel Rutten akatoa kitabu kuhusu kugawanywa kwa ardhi ya Wamaasai wa Kajiado kati ya 1890 na 1990, chenye jina linalosema kwamba watu wameuza utajiri wakanunua umaskini. Tembea Kitengela leo, kutoka barabara ya Namanga hadi ukingo wa mbuga ya Nairobi, uhesabu mabango ya ploti, uniambie kama jina hilo limezeeka.

Kisha ripoti ya 2002 ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ya Patti Kristjanson, Maren Radeny, David Nkedianye, Helen Gichohi na wenzao, iliyopima ardhi ya Kitengela ina faida gani ikifugiwa, ikilimwa au ikiachiwa wanyamapori. Haikuwa swali la darasani. Tangu 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka wasizungushe ua wala kuuza. Mtu aliyehitaji kujua kama hizo shilingi 300 zinatosha hakuwa akitafuta jarida lenye hadhi. Nyumbu nao hawakungoja: kutoka zaidi ya 26,000 katika nyanda za Athi-Kaputiei, ambamo Kitengela imo, mwaka 1978, walibaki chini ya 3,000 kufikia 2011.

Mashine za kuhesabu zilijengwa kwa ajili ya majarida. Ripoti huingia kwa bahati.

3. Nafasi kwenye orodha

Orodha ya waandishi inafanana na matatu ya Kitengela saa kumi na mbili asubuhi: kila abiria analipa, lakini wote wanajua nani yuko mbele na dereva. Katika sayansi ya viumbe, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa, wa mwisho mara nyingi ni mkuu wa maabara, na wa katikati wanabanana.

Kwa hiyo napenda sana makala ya Science ya 2001 kuhusu ndovu jike wazee kuwa hazina ya kumbukumbu ya familia. Karen McComb, Cynthia Moss, Sarah Durant, Lucy Baker, na wa mwisho Soila Sayialel. Sijui jarida kubwa kuliko hilo ambalo mwanasayansi wa Kimaasai angeweza kusoma jina lake. Mwaka 2007, katika makala iliyoonyesha kwamba ndovu hutambua hatari kwa harufu na rangi ya mavazi, Katito Sayialel alikuwa wa pili na Norah Njiraini wa tatu kati ya sita. Viti vizuri hivyo, na walivifanyia kazi.

2. Shukrani

Ukipokea makala, anza na aya ya mwisho, ile ndogo. Makala nyingi za nyani wa Amboseli zinawashukuru R. S. Mututua, S. Sayialel na J. K. Warutere. Raphael Mututua na wenzake wamewatambua nyani mmoja mmoja kwa sura, wakaandika nani kazaa, nani kapanda cheo, nani kafa, miongo na miongo. Ukiwaondoa hao, makala zinabaki na vichwa tu.

Mbona basi shukrani, si uandishi? Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba, zilizozaliwa Vancouver mwaka 1978, zinataka mwandishi ashiriki pia kuandika au kurekebisha matini na kuidhinisha toleo la mwisho. Wengi huzisoma hadi hapo wakafunga. Kanuni hizo hizo zinasema aliyechangia utafiti apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika, na zisitumike kumzuia. Rudini mkaisome sentensi hiyo, maprofesa wetu, kabla ya kumpa msaidizi wenu mstari mmoja wa asante. Na kuna orodha ya CRediT yenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kutunza data, ambapo kila mmoja huandikiwa alichofanya. Kwa mtu wa data ya miaka 30, hiyo ni haki ya kazi.

1. Nani alibaki na kazi mkononi

Reto-o-Reto, kwa Kimaasai, ni nisaidie nikusaidie. Ndilo jina la mradi uliounganisha watafiti wa ILRI na wafugaji wa Kitengela, Amboseli, Mara na Simanjiro. Kitengela, wenyeji na watafiti walizunguka na GPS wakichora kila ua. Ramani hiyo ikaingia katika mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, uliozinduliwa 2011.

Makala ya mradi katika jarida la PNAS ina waandishi 17. Robin Reid ni wa kwanza. Nyuma yake kuna David Nkedianye, na kuna waratibu wa jamii waliokuwa wakibeba maswali ya wafugaji kwenda kwa watafiti na majibu kurudi bomani. Mmoja, Dickson Kaelo, alikuja kuongoza chama cha hifadhi za jamii nchini. Kwenye miradi mingi watu hawa wangekuwa kwenye ile aya ndogo.

Makala hiyo iliwekwa mtandaoni 2009 na kuchapwa rasmi 2016, kwa hiyo wengine huirejelea kwa mwaka mmoja na wengine kwa mwingine, na hesabu hugawanyika. Mimi huandika miaka yote miwili, kwa sababu katikati yake, Machi 2013, mwandishi wa pili alichaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Kajiado, na mipango ya ardhi ya kaunti nzima ikaletwa mezani kwake.