Jino Kwenye Sinia

Washenga wamekwisha kutaja mahari, sebule nzima inaningoja mimi, mjomba wa binti, nitoe jibu. Na mimi nina halua mdomoni, na ndani ya halua mna jino.

Si jino lenyewe, ni kofia yake ya muda, ile ya plastiki niliyovishwa wakati ya kudumu inatengenezwa maabara. Nilipotafuna tonge la kwanza nilihisi kitu kimeachia kule nyuma. Ulimi ukaenda kuchungulia, ukakuta kisiki. Nikafumba mdomo, nikainamisha kichwa, nikajifanya napima jambo zito.

Mshenga mkubwa akanielewa visivyo. Akakohoa, akaongeza laki mbili. Mimi kimya, nahangaika kuibandua kofia kwenye halua kwa ncha ya ulimi. Dada yangu akanitolea macho. Mzee wa watu akajipangusa jasho, akaongeza tena, na kitanda juu yake. Nikaona nikichelewa wataanza kugawa mashamba, nikajitutumua: "Tumepokea!" Kofia ikaruka, ikatua kwenye sinia ya posa, kati ya udi na bahasha. Mshenga akaiokota kwa vidole viwili, akaigeuza penye mwanga wa dirisha, akauliza kwa adabu zote: "Mjomba, na hii tumkabidhi nani?"

Mwenye kosa ni gundi, nami sasa naijua gundi hiyo kuliko ninavyowajua wakwe zetu. Kofia ya muda hubandikwa kwa gundi dhaifu makusudi, maana daktari ataing'oa mwenyewe siku ya kuvisha ile ya kudumu. Akiikaza sana, ataivunja pamoja na kilichobaki chini yake, na kilichobaki ni kidogo: jino limekwisha kupunguzwa pande zote, na juu limekwenda milimita moja na nusu au mbili. Gundi yenyewe, ya aina niliyopakwa mimi, ni unga wa oksidi ya zinki uliokorogwa na yujenoli. Na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu! Ndiyo maana kiti cha daktari kilinukia Pemba msimu wa kuanika. Bibi zetu walikuwa wakishindilia karafuu kwenye jino bovu, wakaambiwa ni ushamba; kumbe yujenoli hutuliza mshipa wa jino kweli, na mimi nimelipia karafuu ileile bei ya mbuzi.

Sasa hapo kwenye masharti. Nilipewa karatasi: usile tofi, usitafune bablishi, usile bisi. Nimeisoma mbele na nyuma. Halua haimo. Ubuyu haumo, kashata haimo, wala muwa. Aliyeiandika hajawahi kualikwa posa Unguja, na kliniki zetu zinaigawa hivyohivyo kwa watu wetu, karafuu yetu humohumo ndani ya gundi.

Niliporudi kliniki kofia ikabandikwa upya, na haraka inahitajika kweli: jino likikaa wazi, majirani zake husogea, na ile ya kudumu ikija haiingii. Jirani yangu fundi viatu alikuwa amejitolea kunibandikia kwa gundi yake. Nikamshukuru.

Siku ya kofia ya kudumu, mdomo ukiwa bado umekufa ganzi, nilikunywa chai iliyoishia kifuani.

Kisha kofia hiyo ikawa inagonga kabla ya meno mengine. Kitu chembamba kuliko unywele, meno hukihisi. Nikang'ata karatasi ya rangi, nikasaga kulia, nikasaga kushoto, daktari akapunguza penye doa.

Nyuzi za kusafishia meno nazo, nikirudi nyuma kwenye kofia ya muda, huchomolewa ubavuni, hazivutwi kwenda juu. Hilo nililijua baada ya safari nyingine ya kliniki.

Risiti zote nikazipeleka bima. Binti wa dirishani akazipanga vizuri, akaniambia kofia ya jino ni urembo. Urembo, kwenye gego la nyuma, ambalo mke wangu mwenyewe hajawahi kuliona! Nimekatwa mshahara kila mwezi miaka yote hii, halafu kutafuna kunahesabiwa pamoja na hina. Nikamwuliza, je, ningeling'oa?

"Kung'oa tunalipa lote, baba."