Hotuba Aliyoitoa Bwana Cole Bila Kufungua Kinywa

(Stoo ya chuo kimoja mjini New York, usiku. PROJEKTA ameletwa leo, taa yake imeungua. UBAO, mzee wa zaidi ya karne, ameegemezwa ukutani. CHAKI na DASTA wamo ndani ya boksi moja.)

PROJEKTA: Itifaki imezingatiwa. Kabla sijasema niliyonayo, naomba niwatambue wenyeji wangu, nikianza na...

DASTA: Tupo wanne, bwana. Tumeshatambuana. Sema.

PROJEKTA: Basi kwa kifupi, nina mambo 14. La kwanza: mhadhara wa chini ya slaidi 60 si mhadhara.

UBAO: Mhadhara mkubwa kuliko yote niliyowahi kuubeba haukuwa na neno hata moja.

CHAKI: Ule wa 1903, babu?

UBAO: Huohuo, mjukuu wangu. Oktoba 1903, kikao cha Chama cha Hisabati cha Marekani. Akaitwa Profesa Frank Nelson Cole, mada yake kutafuta vigawo vya namba kubwa. Akainuka, hakusalimu mtu. Akaandika 2 kwa kipeo cha 67, akaikokotoa kwa mkono mpaka mwisho, akatoa 1. Ikatoka 147573952589676412927, tarakimu 21. Akahamia upande wangu wa pili, akaandika 193707721, chini yake 761838257287, akazidisha mstari kwa mstari kama mtoto wa darasa la nne. Jibu likawa lilelile. Akaweka chaki, akaketi.

PROJEKTA: Na neno la shukrani?

DASTA: Hakuna. Ukumbi mzima makofi. Mimi mwenyewe sikuthubutu kufuta.

PROJEKTA: Makofi kwa kuzidisha tu?

UBAO: Kwa kuonyesha vigawo vya namba iliyodaiwa kuwa tasa miaka 259 kabla yake. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alichapisha orodha ya vipeo. Alisema ukichukua 2, ukaipandisha kwa kipeo kimojawapo cha hivyo na kutoa 1, utapata namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kipeo cha 67 kimo.

PROJEKTA: Alithibitisha?

UBAO: Alikuwa mtu mkubwa.

PROJEKTA: Aa, basi inatosha.

DASTA: Na wengi walisema hivyohivyo.

CHAKI: Lakini hata kipeo chenyewe kikiwa tasa, haitoshi! 11 ni tasa, ila 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, nayo ni 23 mara 89.

DASTA: Na hakukosea kwa 67 tu. Aliingiza na 257 isiyostahili, akaziacha nje 61, 89 na 107 zinazostahili. Makosa 5 katika orodha moja.

PROJEKTA: Alichukuliwa hatua gani?

DASTA: Namba za aina hiyo, 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1, zikapewa jina lake. Mpaka leo zinaitwa namba za Mersenne.

PROJEKTA: Mtu kama huyo kwetu angekuwa mkurugenzi.

UBAO: Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba namba hii ya 67 si tasa. Ila hakutaja kigawo chake hata kimoja.

PROJEKTA: Haiwezekani. Unasemaje mwizi yupo na hujamkamata?

CHAKI: Nyayo umeziona, mheshimiwa, sura yake hujaiona. Kipimo cha Lucas kinakupa baki. Baki ikiwa sifuri, namba ni tasa. Isipokuwa sifuri, namba ina vigawo, lakini ni vipi hakikuambii. Hiyo ndiyo kazi aliyoibeba Bwana Cole.

UBAO: Alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, akajibu: Jumapili za miaka mitatu.

PROJEKTA: Jumapili? Na posho ya nani?

DASTA: Hakuna posho, hakuna chai ya saa nne.

CHAKI: Wala hakupapasa ovyo. Kigawo chochote cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 134, yaani mara mbili ya 67. Chukua 193707721, ondoa 1, gawa kwa 134: unapata 1445580 kamili. Maana yake, kwa ungo huo peke yake angepima zaidi ya namba milioni moja kabla ya kukifikia kile kidogo. Ikambidi atafute mbinu nyingine za kuchuja, na zote kwa mkono.

PROJEKTA: Siku hizi kompyuta inaimaliza hata sekunde haijaisha.

UBAO: Kweli kabisa. Basi iambie itupe kigawo cha 2 kwa kipeo cha 1277, ukitoa 1. Ni tarakimu 385 tu. Imeshathibitishwa kuwa si tasa, na hakuna anayejua kigawo chake hata kimoja.

PROJEKTA: Hilo... tutaliundia kamati.

DASTA: Naam.

PROJEKTA: Lakini nirudi kwa Cole. Jibu lake liliidhinishwa na nani? Muhuri uko wapi?

CHAKI: Jumlisha tarakimu, mheshimiwa. Kigawo cha kwanza: 37, yaani 10, yaani 1. Cha pili: 64, nayo 10, nayo 1. Namba yenyewe: 109, inashuka hadi 10, mpaka 1. Na 1 mara 1 ni 1.

DASTA: Hiyo haithibitishi kitu, mwanangu. Inaumbua makosa tu.



PROJEKTA: Sasa mtu wa kawaida, asiye profesa, amwamini nani?

DASTA: Asimwamini mtu. Achukue kalamu na karatasi, azidishe 193707721 kwa 761838257287. Akipata chochote kisichokuwa 147573952589676412927, arudie. Aliyekosea ni yeye.