Njoo Upumzike, Mamkubwa

Oktoba ya mwaka 1921, karani mmoja wa benki jijini London alichoka akili hadi akaambiwa na daktari aache kazi apumzike. Benki yake, Lloyds, ikampa ruhusa ya miezi 3, naye akaenda kukaa Margate, mji wa pwani katika jimbo la Kent. Karani huyo ni T. S. Eliot. Kutwa alikaa kwenye kibanda cha mabenchi kinachotazama ufukwe, na humo ndimo alimoandika sehemu ya The Waste Land, shairi lililotoka mwaka uliofuata na ambalo mpaka leo linawaumiza vichwa wanafunzi wa fasihi. Kibanda chenyewe bado kipo, hatua chache kutoka stesheni ya treni, na tangu 2009 kimo katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa.

Hayo yote nilisimuliwa kwa simu na binti wa mdogo wangu, anayeishi huko Margate.

"Njoo, Mamkubwa. Utasoma, utaandika, utapumzika. Majira haya majani yanapukutika, watalii wameondoka, mji kimya kabisa."

Yeye ni muuguzi wa zamu za usiku, mumewe dereva wa lori, na wana watoto watatu. Hilo la watoto nililijua. Kwamba shule za Uingereza hufungwa wiki nzima mwishoni mwa Oktoba, katikati ya muhula, halikugusiwa kwenye simu.

Nilifika na madaftari, kalamu na kitabu cha Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kama ilivyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Niliona inaendana na mahali. Gurnah makazi yake ni Canterbury, mji wa jirani, na ile Oktoba ya 2021 simu ya Nobel ilimkuta jikoni akitengeneza chai, akadhani anataniwa. Basi na mimi nilikuwa jikoni tangu asubuhi hadi jioni. Simu zilizonikuta huko zilikuwa za kaka yangu wa Tanga.

Kaka hupiga akishamaliza chai yake ya saa 1 asubuhi. Kwangu ilikuwa saa 11 alfajiri, nikavumilia. Ikaja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza wakarudisha saa zao nyuma, na sasa simu ileile ikawa inalia saa 10. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa dada, hiyo saa moja wameipeleka wapi?"

Swali lake halikuwa la kijinga. Mle jikoni simu yangu ilijirudisha nyuma yenyewe, lakini saa ya jiko la umeme hakuna aliyejua kitufe chake, na ya ukutani ilikuwa juu mno, ngazi iko kwa jirani. Ya mkononi mwangu niliiacha na majira ya Tanga. Mjukuu alipouliza kama wakati wa katuni umefika, jibu lilitegemea ametazama wapi, naye upesi akajua pa kutazama.

Faida ya nchi ile mwezi wa Novemba ni moja tu: jua linazama kabla ya saa 10 na nusu. Binti yangu alilipa kadha zake zote za Ramadhani bila hata kulalamika kiu. Mimi nikajitia kwenye funga za sunna, na nusu ya nia, Mwenyezi Mungu anisamehe, ilikuwa nipate udhuru wa kutopika mchana. Haikunifaa kitu. Watoto hawakufunga.

Ukafika usiku mmoja wa neema. Watoto wamelala, mama yao yuko zamu, baba yao yuko barabarani. Nikafungua daftari, nikawasha kijikaa, nikatia udi kwenye chetezo, maana mimi bila harufu ya udi siandiki hata barua. Sentensi ya kwanza ikaja nzuri. Ya pili ilikuwa njiani king'ora cha moshi kilipolia darini.

Nani kakizua kidude kile sijui, lakini hakujua udi. Nilipanda kitini nikakipepea kwa kanga, kikazidi kupiga kelele, na mwenziwe wa ghorofani akamuitikia. Watoto wakashuka ngazi mbio, yule mdogo akishangilia kwa makofi. Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani, mzee wa Kiingereza mwenye ndala za manyoya, kabeba ngazi yake begani. Hakuuliza neno. Akapanda, akakinyamazisha, akaja sebuleni akakitazama chetezo kwa adabu kama anayetambulishwa kwa mgeni, kisha akaiona saa ya ukutani. Akairudisha ngazi jikoni, akapanda tena, akairekebisha na hiyo.

Asubuhi nilimpelekea vitumbua kwenye bakuli. Jioni bakuli likarudi limejaa matofaa ya mti wake. Mtu yule hajawahi kufika pwani yetu, na bado anajua kuwa chombo cha watu hakirudi kitupu.

Kibandani nilikwenda, hatimaye. Nilivaa soksi juu ya soksi, sweta, koti la mkwe, na ushungi nikaufunga mara mbili. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mchanga wote kijivu, na ule upepo wa Bahari ya Kaskazini hauna heshima kwa mtu mzima. Nilikishikilia kitabu kwa mikono miwili. Kufunua ukurasa kulinidai mkono wa tatu. Nikakiweka chini nile kitumbua nilichobaki nacho. Shakwe alikuja kwa nyuma. Sikumuona, nilihisi bawa tu shavuni, na nilipotazama vidole vyangu vilikuwa vimeshika hewa. Ndege mkubwa kama kuku wa mayai, akatua kwenye ukingo wa barabara, akakila kitumbua changu chote akinitazama. Vijana wawili waliokuwa wakila chipsi benchi la pili wakanihurumia, wakanipa kiti cha ndani zaidi.

Habari nyingine ya Eliot, ambayo binti yangu hakunisimulia kwenye simu, niliikuta katika kitabu cha maktaba ya huko. Akiwa Margate alimwandikia rafiki yake barua akisema ameandika mistari kama 50 tu, hajasoma chochote, na anashinda akichora watu na kujifunza kupiga mandolini. Nilicheka mpaka mkutubi akanigeukia. Huyo alifikia hotelini, anapikiwa na kutandikiwa, na hakuna aliyemwita bibi aje amfungue zipu iliyokwama. Kwa mizani hiyo, sentensi zangu za usiku wa king'ora si haba.

Peponi nimekiacha Margate. Binti yangu anakisoma kazini, usiku wagonjwa wakishalala, na ameshanionya nisije nikamwambia kinaishaje. Nimemtoa hofu: mimi nimeishia sura ya kwanza.