Hotuba Adhimu Juu ya Harara ya Laptopu za Gemu

Enyi hadhirina watukufu, mabwana na mabibi, na ninyi vijana mliosongamana nyuma karibu na soketi za umeme kwa sababu nisizowauliza: nimesimama mbele yenu usiku huu si kwa kutaka sifa, maana nilizonazo zinanitosha, wala si kwa kualikwa, maana kamati ya ukumbi huu ilichelewa mno kuutambua umuhimu wangu, bali kwa kuwa mtu aliyejaaliwa ilimu hana ruhusa ya kuificha ilhali umma unaangamia. Mada yangu ni ile nakama inayowafika wacheza gemu kila siku, ya laptopu iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, yenye taa za rangi zote chini ya vitufe vyake, ambayo kwa dakika chache za mwanzo hukimbia kama ilivyoahidiwa dukani, kisha feni zake zikaanza kuvuma, picha zikaanza kukwamakwama, na mwenyewe akapigwa risasi na adui ambaye hakujaaliwa hata kumwona.

Aghalabu watu wakifikwa na msiba huo hutoa hukumu kabla ya ushahidi, wakasema prosesa imekufa. Prosesa haifi kwa wepesi huo. Itazameni Core i7-7700HQ ya Intel, iliyotoka mwaka 2017, ambayo hata leo mtaikuta katika laptopu za mitumba: ina viini vinne, kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.8, na imepewa ruhusa ya kupanda hadi 3.8 maadamu joto na umeme vinaridhia, sharti ambalo wauza maduka hulitamka kwa sauti ya chini sana, kama wanalitamka. Ikifikia nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi yenyewe pasi na kumshauri mtu, na joto likizidi kupanda, huizima mashine nzima. Yule mnayemtukana kwa uvivu ndiye mlinzi wa mali yenu, nanyi mnamlipa kwa matusi ambayo mimi, kwa heshima ya mabibi waliopo, sitayarudia.

Joto la prosesa hiyo, ambayo walioiunda waliikadiria wati 45, lina njia moja tu ya kutokea. Hupita kwanza katika utando mwembamba wa pesti, likaingia katika bamba la shaba, na kutoka hapo likachukuliwa na bomba la shaba lililozibwa pande zote mbili, ambalo wengi hudhani ni kipande kitupu cha madini, kumbe ndani yake mmetiwa maji machache baada ya hewa kunyonywa, nayo maji hayo huchemka upande wa prosesa, mvuke wake ukakimbilia upande wa feni, ukapoa, ukageuka maji tena na kurejea kwa kufuata utambi wa ndani, duru isiyokoma maadamu mchezo unaendelea. Bomba la namna hiyo lilitengenezwa na marehemu George Grover na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, bwana ambaye nina yakini angalifurahi kunifahamu.

Ila hakuna feni itakayokipoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayovutwa na feni hiyo. Mashine iliyopimwa Ulaya katika chumba cha nyuzi 22, ikifunguliwa hapa Mombasa katika kaskazi ya Februari, hewa ikiwa nyuzi 32, huanza kazi na deni la nyuzi 10 kabla mchezo haujaanza. Na mwenyewe huongeza deni hilo kwa kuilaza juu ya godoro, matundu ya chini yakazibwa na shuka, kisha akaja kwangu kuuliza kwa unyonge sababu ni nini.

Kuhusu vumbi nitakuwa mfupi, kwa kuwa ni jambo la mafundi nami ni mtu wa nadharia: ufunguliwe mfuniko wa chini, maana tope la vumbi hujishikiza kati ya feni na mapezi ya shaba, mahali ambapo kupuliza kwa nje hakufiki, na anayetumia blowa aishike feni kwa kidole isizunguke. Pesti iliyokauka ifutwe kwa spiriti, na mpya itiwe kiasi cha punje ya choroko.

Kupunguza volti za prosesa, dawa ya joto iliyokuwa maarufu, kulipata pigo Disemba 2019, pale wanazuoni wa Birmingham, Graz na Leuven walipobainisha kwamba mlango huohuo wa kubadilishia volti unaweza kutumiwa kuiba siri zilizofungiwa ndani ya prosesa, ndipo laptopu nyingi zikafungiwa mlango huo kwa Bayosi mpya. Mimi sikushauriwa. Aliyefungiwa na aende katika mipango ya umeme ya Windows, aishushe kadiri ya juu ya prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, hapo ile ruhusa ya kupanda itaondoka na joto litashuka. Na katika gemu nyingi, ambamo mzigo mkubwa huchukuliwa na kadi ya picha, atakachopoteza ni kidogo.

Sasa niwahadithie kisa kilicholeta mtafaruku barazani kwangu. Kijana wa Kuze aliniletea laptopu ambayo prosesa yake ilikuwa haipandi zaidi ya megahezi 800, ilhali joto halikuzidi nyuzi 60. Nikaitega sikio, nikainusa, nikanyamaza kwa muda unaolaiki mtu wa daraja yangu. Ndipo mpwa wangu, mtoto asiyejua adabu za majilisi, akasema, "Mjomba, chaja hii si yake," kauli ambayo nilikuwa katika hatua ya mwisho ya kuitamka. Kwani ziko laptopu ambazo chaja yake ina sindano nyembamba katikati ya kichwa, inayoitambulisha kwa mashine na kutaja wati zake, na mashine isipoitambua, bodi hupeleka kwa prosesa amri ileile ya kupunguza kasi ambayo hupelekwa sehemu nyingine ikipata moto. Prosesa hutii bila kuhoji. Katika programu ya ThrottleStop amri hiyo imeandikwa BD PROCHOT, na kuna kisanduku cha kuizima, lakini anayekizima kabla ya kuijua sababu huenda siku moja akaipuuza amri ya haki. Yule kijana alileta chaja yake ya asili, kasi ikarejea, nami nikapokea shukrani kwa niaba ya familia.

Naona bwana mmoja ameinua mkono. Unauliza, ndugu yangu, kama zile feni za kuwekwa chini ya laptopu zina faida? Zinayo, lakini kidogo, na sehemu kubwa ya faida hiyo ni kule kuinuka tu, matundu yakapata hewa, jambo ambalo vitabu viwili vya kimo kimoja, vikiwekwa chini ya ukingo wa nyuma, hulitimiza bila waya. Risala yangu juu ya mada hii, niliyoipiga chapa kwa gharama yangu mwenyewe, ina kimo kinachofaa kabisa, na nakala zake, ambazo zimebaki takriban zote, zipo pale mlangoni, zinauzwa mbilimbili.