Uliza Mshauri: Ya Makongamano ya Mbali

Muungwana mmoja wa Kihunguro, Ruiru, anaandika: "Bwana Mshauri, baada ya salamu nyingi. Mimi na wenzangu wawili tuliosoma Juja tumeunda programu ya simu ya kuwakutanisha akina mama mboga na wakulima, nasi tumealikwa Lisbon, kwenye kongamano la Web Summit, ambako nitapewa dakika 3 jukwaani mbele ya matajiri wanaotafuta pa kuwekeza. Nivae nini, niseme nini, na viza nitaipataje?"

Akhi, umeuliza mambo matatu nawe umeyapanga kinyume, kwani mwenye kuwaza mavazi kabla ya viza ni kama bwana harusi aliyekwisha kukodi tarumbeta ilhali posa yake haijajibiwa. Ada ya viza ya nchi za Schengen ilipandishwa Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi 90, nayo hairudishwi ukikataliwa. Fauka ya hayo utatakiwa taarifa za benki, bima ya safari, mahali pa kulala, na dalili za kuridhisha kwamba unapenda kwenu kiasi cha kurejea. Yakikuchosha hayo, kumbuka kwamba Vasco da Gama alitoka mji huohuo wa Lisbon mwaka 1497, akatia nanga Malindi Aprili 1498, wala hapakuwa na mtu wa kumdai taarifa ya benki. Bali mfalme wa Malindi alimkirimu, akampa na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Lau wazee wetu wangalikuwa na dirisha la kioo na karatasi za foleni, huenda tarikhi ya pwani ingalisomeka vingine. Peleka maombi yako mapema.

Mavazi sitayarefusha: Novemba kule ni mvua, basi chukua koti, na viatu ulivyokwisha kuvizoea.

Ama hotuba, hapo ndipo penye shughuli, nami sina mwalimu wa kukupeleka kwake aliye bora kuliko wauzaji wa steji ya matatu mjini Thika. Panda gari la abiria 14 ambalo bado halijajaa, keti kiti cha nyuma, utazame. Ataingia kijana mwenye katoni ya vitambaa vya mkono, mguu mmoja ukiwa ndani na mmoja kwenye kidato cha mlango, shingo imepinda chini ya paa, naye hatasema kwamba amekuja kuubadilisha ulimwengu, wala hatataja jina la kampuni yake. Atamtazama abiria anayefuta jasho kwa kiganja, na vumbi lililomwishia kolani, kisha atamwuliza kwa upole nyumbani ataingiaje hali hivyo. Bei ataitaja mwisho, baada ya kitambaa kukwisha kushikwa. Akimaliza, kondakta anagonga bodi mara mbili, na gari linaondoka naye akirukia chini. Huyo hapewi dakika 3. Hupewa muda wa kujaa viti viwili, na hali yeye jioni anakula. Panda magari matano, ushuke na ulichojifunza; nauli yake ni rahisi kuliko ya Lisbon.

Mama wa Makongeni, Thika, ana yake: "Mwanangu amemaliza chuo, sasa anajiita mwasisi. Amekwenda makongamano Nairobi, Kigali na Dubai, tena kwa gharama za waliomwalika, lakini kodi ya nyumba naendelea kulipa mimi. Hii ni kazi au ni maradhi?"

Si maradhi, mama, ijapokuwa dalili zinashabihiana. Wala usiyadharau makongamano, maana mji wako una haki nayo kuliko unavyodhani. Bwana Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone alihudhuria mkutano mkuu wa dunia juu ya maendeleo endelevu huko Johannesburg mwaka 2002, na huko, kwa mazungumzo ya kando, akapata habari za fungu la serikali ya Uingereza ambalo baadaye lilisaidia kugharimia majaribio ya huduma tunayoiita leo M-Pesa. Majaribio yalianza Oktoba 2005, kwa wateja wasiozidi 500 na maduka 8, na mojawapo ya mahali palipochaguliwa ni Thika hii hii. Muradi wa watunzi ulikuwa wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Watu wetu wakaipokea simu kwa heshima, kisha wakafanya yao: huyu akamtumia mwenzake fedha, yule akamlipia jirani mkopo, mwingine akaziweka fedha ndani ya simu kabla ya safari ili mwizi akimkamata amkute mikono mitupu. Machi 2007 huduma ilipotolewa kwa nchi nzima, haikutangazwa tena kuwa ya kulipia mikopo, bali ya kutuma pesa nyumbani. Johannesburg ilileta fedha. Waliolisahihisha wazo ni wateja wa Thika na Nairobi, ambao sidhani hata mmoja wao aliwahi kuvaa beji.

Basi mwulize mwasisi wako swali moja, tena wakati wa chakula, asipate pa kukimbilia: katika Makongeni ni nani aliyekwisha kuitumia hiyo programu yake, na amelalamikia nini? Akikujibu kwa jina la mtu na lalamiko lake, mvumilie miezi 6, hata ukimkopesha nauli usijute. Akikujibu kwa Kiingereza, mwachie bili ya stima, na mwezi ufuatao ya maji, na siku za soko mkalishe kando ya meza ya nyanya ya jirani yako bila kishikwambi, ahesabu chenji.

Kijana wa Kimbo anauliza kwa ufupi: "Nimehudhuria makongamano 11, na beji zote nimezitundika ukutani. Mchumba wangu asema zinampa kizunguzungu. Nizifanye nini?"

Karatasi zichome. Zile tepe za shingoni ni imara mno: jirani yangu amefungia mbuzi wake moja tangu Mfungo Mosi, na mbuzi bado yuko.